Vamizi, kwa Ajili ya Miwani ya Atija

Niliondoka Mocímboa da Praia kwenda kisiwa cha Vamizi kwa sababu ya miwani. Si ya kusomea. Ni ile ya kuvaa usoni ukitaka kuona chini ya maji, na ya mke wangu Atija ilikuwa ya mti: vipande viwili vilivyochongwa mfano wa vikombe vidogo, kila kimoja kina kioo cha dirisha kilichozibwa kwa lami, na mpira wa baiskeli wa kuzungushia kichwa. Atija huchokoa pweza. Bamvua likifika na maji yakapwa sana, hutoka na wanawake wenzake hadi mwambani. Wenzake hutembea wakikagua mashimo, yeye huingia pale maji yanapofika kifuani, uso ndani, chuma mkononi.

Kioo cha kulia kilikuwa na ufa. Kwa ajili ya ufa huo aliona pweza pale palipokuwa na mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka, akapeleka mkono, mkunga akamng'ata. Kidole cha shahada kilipona, lakini kilipona kimepinda. Toka siku hiyo nikawa namwambia aitupe ile miwani, tutafute ya kisasa, ya mpira laini, inayofunika mpaka pua. Akakataa. Kila bamvua nilisema, kila bamvua alikataa.

Kidole chake kiliniuma, hilo ni kweli. Lakini mjini kwetu watu huiita "miwani ya Sumaila", na hilo liliniuma zaidi. Sumaila ndiye mume wake wa kwanza, baba wa binti yake Fatu, mpiga mbizi aliyekuwa akijichongea miwani ya namna hiyo hiyo. Waliachana kabla mimi sijafika Mocímboa na begi langu. Vita vilipotutoa mjini tukakimbilia Pemba, hii Pemba yetu ya Msumbiji, Atija alibeba furushi moja tu la nguo. Tulipolifungua, katikati ya kanga ilikuwamo miwani ile, imeviringwa vizuri kama mtoto mchanga. Redio yangu ilibaki ndani ya nyumba, ikaungua. Sijasema neno mpaka leo, lakini sijasahau.

Baada ya kurudi nyumbani nilijaribu kwanza sokoni. Nikapata miwani ya plastiki ya rangi ya waridi, nadhani ilikuwa ya watoto kuchezea ufukweni. Atija aliivaa mbele ya wenzake, akazamisha uso, akaibuka miwani imejaa maji mpaka juu.

"Mume wangu kaninunulia kikombe cha chai," akawaambia.

Wakacheka mpaka wengine wakakaa majini. Nilirudi nyumbani peke yangu.

Kisha shangazi yake, bi Muamina wa Vamizi, akapiga simu. Kuna upande mmoja wa mwamba ambao wanakijiji waliufunga kwa miezi ili pweza wakue, na bamvua hili ungefunguliwa. "Njoo, mwanangu, uje ule jasho la wenzako," alimwambia. Atija alikuwa radhi kwenda mara moja. Mimi nikakumbuka mambo mawili. La kwanza, kisiwani kuna hoteli ya wageni wanaozamia kutazama samaki, kwa hiyo miwani ya kweli lazima ipo. La pili, anayewaongoza wageni hao chini ya maji ni Sumaila.

"Nakusindikiza," nikasema, nikaenda kutoa koti langu la mvua msumarini.

Koti lile nililipata Mtwara nilipokuwa kijana, nikalivaa Lindi, nikalivaa Nampula, nikalivaa kila mahali nilipofika na kuchoka kukaa. Atija alilitazama, akageuza uso.

"Mbona unalichukua? Mvua hakuna."

"Baharini kuna maji."

"Mh," akasema.

Bandarini Mocímboa tulifika asubuhi, wavuvi wakimwaga samaki juu ya maturubai na wachuuzi wakigombana kabla ya bei kutajwa. Askari wa zamu akatazama vitambulisho vyetu, akatazama na uso wangu muda mrefu, maana picha yangu ni ya zamani na nywele zilikuwapo. Mashua yetu ilikuwa ya injini, imepakia unga, mafuta ya kula na milango miwili ya nyumba. Nahodha Bakari, kijana wa Vamizi anayemjua Atija tangu utotoni, alimpa mkono wa kupandia, kisha akanigeukia.

"Shemeji! Unapeleka mzigo kwa mwenyewe?"

"Mwenyewe ni mimi," nikamjibu.

"Haya. Risiti unayo?"

Abiria wote wakacheka. Atija naye akacheka, na kicheko chake kilikuwa kirefu kuliko nilivyopenda. Nilikaa juu ya mlango mmoja nikavaa koti langu, jua linawaka.

Njiani tuliambaa na pwani tukielekea kaskazini. Sehemu zile nilizipita zamani kwa miguu, wakati kila kijiji kilikuwa na mtu wa kukukaribisha uji. Sasa palipokuwa na nyumba paliota majani, na mahali pengine nikaona mabati mapya yanang'aa, watu wamerudi. Nilitaka kumwonyesha Atija kisima nilichowahi kulala kando yake. Yeye alikuwa amelala, kichwa juu ya gunia la unga, na miwani ya mti imening'inia shingoni, mkono juu yake. Nikakaa naitazama njia nzima. Nahodha akaniuliza kama tumbo linanisumbua.

Vamizi tulishuka alasiri. Mchanga wake ni mweupe hata ukifumba macho unaona mwanga. Bi Muamina, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo, alitupokea kwa kumkumbatia Atija na kunikagua mimi.

"Mkwe, umekonda. Au ndiyo wivu?"

"Nani kasema nina wivu, shangazi?"

"Bakari kashapiga simu tangu mko baharini."

Tulipewa mkeka uani, Atija akachukua mbuzi aanze kukuna nazi. Hatukumaliza salamu, Sumaila akaingia. Nilikuwa nimemtengeneza kichwani muda mrefu, nikamfanya mfupi na mwenye meno mabaya. Alikuwa mrefu, kifua cha mtu anayeogelea kila siku, na adabu zilizonikera kuliko matusi. Alinipa mkono mimi kwanza, akaniita kaka, akauliza safari, akauliza afya, ndipo akamgeukia Atija.

"Mama Fatu, hujambo?"

"Sijambo, baba Fatu. Mkeo hajambo?"

"Hajambo, anakusalimu."

Majina hayo mawili yaliniingia kama mchanga kwenye jicho. Mimi na Atija hatuna mtoto wa kutuita hivyo. Nikaona heri nimalize shida iliyonileta.

"Bwana Sumaila," nikasema, "natafuta miwani ya kisasa. Ya mke wangu. Hii aliyo nayo, kwa heshima yako, imechoka."

Sumaila aliinama akaishika ile iliyo shingoni mwa Atija, akaivuta kidogo aitazame. Nililazimika kutazama juu, kwenye makuti.

"Alaa! Hii ipo mpaka leo?"

"Ipo," nikasema. "Kazi yako nzuri."

"Kazi yangu?" Akaiachia. "Kaka, hii si yangu. Yangu niliyomchongea iko chini ya bahari. Siku nilipompa talaka alinirushia hiyo, ikanikosa, ikatumbukia majini."

"Nilikuwapo!" bi Muamina akadakia. "Ilimkosa kidogo sana. Ingempata angekuwa na jicho moja huyu."

"Hii kaichonga mwenyewe," Sumaila akaendelea. "Alikuja kuniazima patasi, nikamnyima. Nilikuwa na hasira. Akakaa kwenye baraza la mama yake na kisu cha kuparia samaki. Ona kingo hizi zilivyo, ni kisu hicho. Mti wa kwanza ulipasuka, akaanza mwingine. Wanaume tulikuwa tunapita tunamcheka. Mwezi uliofuata alirudi na pweza wengi kutushinda sote, akamnunulia Fatu viatu vya shule."

Nikamgeukia Atija. Alikuwa akikuna nazi bila kuinua kichwa.

"Mbona hukuniambia?" nikamuuliza.

"Uliniuliza?"

"Watu wote wanaiita miwani ya Sumaila."

"Watu wanaiita. Umeoa watu, au umenioa mimi?"

Bi Muamina akapiga makofi. Mimi nilitamani ardhi inisogezee nafasi. Nanyi msidhani wivu uliniisha pale. Ulihama tu. Kabla ya hapo nilimwonea Sumaila wivu kwa sababu alichonga miwani. Sasa nilimwonea wivu kwa sababu alimwona Atija akiichonga. Alijua kisu gani, baraza lipi, mti upi ulipasuka. Mimi, niliyeutazama ule mti usoni mwake kila bamvua, sikujua kitu.

"Basi sasa nimejua," nikasema polepole. "Lakini kioo kina ufa, na kidole chako nakiona kila siku."

Atija akaacha kukuna. "Kila siku unaniambia nitupe. Tupa, tupa, tupa. Hata siku moja hujaniambia niongeze nyingine."

"Ongeza, basi."

"Haya. Naongeza."

Miezi yote ile ya kusumbuana, kumbe lilikosekana neno hilo.

Sumaila alikwenda kwake akarudi na miwani nyeusi ya mpira laini na mapezi ya miguuni, vitu alivyoachiwa na mgeni mmoja. Akasema ni zawadi. Nikasema haiwezekani. Zawadi ya mtu yule ingekaa nyumbani kwangu na jina lake, kama ya kwanza, na safari hii watu wasingekuwa wanakosea. Akauliza nitatoa nini. Nikatazama huku na huku, sina kitu cha maana. Nikavua koti.

Atija alinitazama kama mtu anayeona nyumba inatembea. "Koti lako?"

"Baharini analihitaji zaidi yangu."

Sumaila alilivaa pale pale. Lilimkaa vizuri kuliko lilivyowahi kunikaa mimi. Hilo nalo nililimeza.

Asubuhi ya pili wanawake walijipanga ufukweni na vyuma vyao na ndoo, wakimsubiri mzee wa kamati aseme neno. Aliposema, waliingia majini kwa vigelegele, kama waendao arusini. Mapezi Atija aliyakataa. "Miguu yangu naijua," akasema, akamwachia bi Muamina, ambaye aliyatumia siku hiyo kupepea jiko. Miwani aliivaa. Akalowesha, akabana, akazamisha uso.

Nilisimama maji yakiwa kiunoni, nasubiri aibuke na maneno ya kikombe cha chai. Aliibuka, akanitazama kupitia kile kioo kikubwa, macho yake yote mawili kwa pamoja, nikajua sijawahi kuyaona macho yake akiwa kazini.

"Kumbe pango lina mlango wa nyuma!" akasema. "Miaka yote pweza ananitoroka kule, nami nachokoa huku!"

Akazama tena. Pweza wa kwanza alikuwa mkubwa, akamzunguka mkono mpaka kwenye kiwiko. Wa pili alimfuata kwa mlango wa nyuma. Nikaomba niazimwe ile ya mti nione anachoona. Nikaivaa, nikainama, maji ya chumvi yakaniingia puani na machoni, nikaibuka nakohoa. Atija alicheka akishikilia ndoo isizame.

"Haikuenei, wewe! Nimeichonga kwa uso wangu. Wako mpana, na huku upande mmoja umebonyea."

"Umebonyea wapi?"

"Hapa." Akanigusa chini ya jicho. "Hujui?"

Siku ya kurudi tulipanda mashua ile ile. Pweza walikwisha kauka juani, wamefungwa kwenye gunia. Bi Muamina alimpa Atija kipande cha mfenesi, mti laini usiopasuka ovyo, na kisu chake cha kuparia. Mawimbi yalikuwa yanatupiga, na mimi bila koti nililowa kuanzia shingo. Nahodha Bakari akapaza sauti kutoka kwenye injini.

"Shemeji, mwenyewe kakataa mzigo?"

"Kachukua koti," nikamjibu. "Risiti ninayo."

Atija akanifunika na kanga yake ya pili, kisha akaniambia nimgeukie. Akaanza kunipima uso: dole gumba kwenye mfupa wa shavu, kidole kilichopinda juu ya nyusi. Kupinda kwake kuliingia sawasawa pale kwenye shimo la jicho. Akatia alama kwenye mti kwa ncha ya kisu, akarudi kunipima tena.

"Usicheke, unabadilika."

"Nina swali moja."

"Uliza. Siku hizi unajua kuuliza."

Nimetembea miji mingi, na karibu kila mahali niliuliza njia. Safari hii ya siku chache ndiyo iliyonifundisha kumwuliza mtu ninayelala naye. Lakini sitadanganya kwamba niliuliza jambo la busara.

"Sumaila," nikasema. "Uliwahi kumchongea?"

Kisu kikasimama. Akanitazama, kichwa upande, nikaona anafikiri kama anipe jibu au aninyime.

"Yule? Yule alijichongea mwenyewe."

Nikatulia, nikampa uso wangu apime, mpaka tukaingia bandarini.