Kibuyu cha Nyanya na Jiwe la Mwalimu

Kila asubuhi kabla ya shule nilitakiwa kusukasuka maziwa ya kuganda mpaka siagi ijitenge. Baba alikuwa mkamaji katika shamba la mzungu huko Dundori, na sharti lake halikuwa na mjadala: siagi kwanza, vitabu baadaye. Mwalimu naye alikuwa na lake. Ukichelewa mara tatu katika muhula unarudishwa nyumbani, na mimi nilikuwa nimeshachelewa mara mbili. Wasichana wengine wote wa kambi ya wafanyakazi walikuwa wameacha shule. Nikirudishwa, nilijua baba hatahangaika kunipeleka tena.

Zamani kazi hiyo ilikuwa ya Nyanya, mama yake baba, hadi viungo vya vidole vyake vilipovimba. Alinionyesha jinsi ya kuifanya: kaa chini, laza kibuyu mapajani, kisukume, kivute, polepole. Mimi na polepole hatukupatana. Nilikitikisa kibuyu kama mtu anayefukuza nyuki, jasho likinitoka, na siagi isionekane.

"Unapigana na maziwa," Nyanya aliniambia. "Ngoja yarudi kwako kwanza. Hiyo haraka unapeleka wapi?"

"Shule, Nyanya!"

"Basi shule itakungoja."

Shule haikuwa na tabia hiyo.

Juma hilohilo, katika somo la sayansi, mwalimu alining'iniza jiwe kwa kamba juu ya mlango. Akalisukuma kwa kidole kimoja kila lilipomfikia na kuanza kurudi. Jiwe likaenda mbali, likaenda mbali zaidi, mpaka waliokaa mbele wakainamisha vichwa. Kisha akalisukuma ovyo, bila kulingojea, nalo likapoa. Kila kinachobembea kina mwendo wake, alisema. Ukikisukuma kwa kuufuata mwendo huo, nguvu kidogo huzaa kubwa. Akafunga jiwe zito zaidi, mwendo ukawa uleule. Akafupisha kamba, jiwe likaenda upesi. Kumbe ni kamba tu! Nilikaa pale nikitabasamu peke yangu, maana niliona nimepata dawa ya baba na ya mwalimu kwa pamoja.

Kesho yake nilikifunga kibuyu kwa ukanda mfupi wa ngozi kwenye boriti, karibu na nguzo ya katikati ya nyumba. Nikakisukuma kwa kidole. Kikaenda, kikarudi, nikakisukuma tena. Maziwa yakaanza kuitikia ndani, pwaa, pwaa, na kila mara kibuyu kikapanda juu zaidi. Nilifurahi mno, nikasahau siagi, nikasahau hata shule. Nilitaka tu kuona kitafika wapi.

Kilifika kwenye nguzo.

Kibuyu kile Nyanya alipewa na mama yake siku alipoolewa. Miaka yote hiyo alikuwa akikisugua ndani kwa mkaa mpaka kikawa na harufu yake mwenyewe. Sasa kilikuwa vipande, na maziwa yakiingia jivuni. Baba alitokea mlangoni, akatazama.

"Shule imeisha," akasema.

Nililia tu, kwa aibu zaidi kuliko kwa hofu. Nyanya alikuwa amepiga magoti akiokota vipande, na bila kuinua kichwa akasema, "Maziwa nitasuka mimi. Huyu aende."

"Mama, na hiyo mikono yako?"

"Nimesema aende."

Nilikimbia njia nzima nikafika kengele ikilia. Tangu siku hiyo, kila asubuhi niliondoka nikimwacha na kibuyu cha kuazima mapajani. Nilimsikia hadi nje ya ua: pwaa, pwaa, kisha kimya kidogo akipumzisha vidole, kisha pwaa tena.

Mwisho wa muhula mwalimu alituuliza nani ana mfano wa nguvu kidogo iliyozaa kubwa. Mmoja akataja bembea, mwingine mti na upepo. Mimi nilikuwa na mfano wangu: vidole vya Nyanya. Niliogopa nikiutaja nitalia mbele ya darasa, kwa hiyo sikuinua mkono.