Bi Kidawa Chini ya Tao

Bi Kidawa wa Bweni alikuwa na maneno machache na mkono mwepesi, na mie niliyekuwa jirani yake naapa kwamba vyote viwili vilitutisha. Enzi zile za Mdachi, hakuna nyumba ya mawe upande wetu iliyopigwa sakafu bila yeye. Ndiye aliyewaongoza wanawake kuishindilia chokaa kwa magongo, yeye akianzisha wimbo na wenzake wakiitikia, na aliyepiga kivivu alilipata jicho lake. Mumewe, Shaabani, alikuwa mwashi. Walipendana kazini, mume juu ya ukuta na mke chini kwenye vumbi.

Shaabani alikufa chini ya dari ya msikiti wetu. Aliambiwa chokaa haijakauka, lakini Ramadhani ilikuwa mlangoni, watu wanataka kuswali tarawehe ndani, naye akaona haya kusema bado. Akang'oa miti iliyoishikilia dari, na dari ikamshukia. Tangu hapo msikiti wa Bweni ukaezekwa makuti, na hakuna fundi aliyethubutu kuupandishia jiwe tena.

Sasa mama huyu akaambiwa kwamba Matano, mwanawe wa pekee, ameteuliwa na wazee wa mji kwenda ng'ambo. Aende Lamu, nchi ya Mwingereza, akaone jinsi wazee wa kule walivyozibebesha kuta zao dari za mawe. Apime, achore, aulize, kisha arudi aujenge ule ule msikiti uliomuua babake. Tajiri Azizi, mwenye jahazi, alikubali kumchukua bila nauli. Fundi Ussi, aliyemfundisha Matano kazi, alimchongea ubao wa kuchorea na kumpa timazi yake mwenyewe ya kupimia ukuta kama umesimama wima.

Ilibaki radhi ya mama, na mama hakuitoa. Kwetu, anayesafiri bila radhi ya mama anajitafutia balaa, hata awe na tajiri na jahazi. Jikoni kwa Bi Kidawa hakukukaangwa hata samaki mmoja wa masurufu. Bweni nzima ilijua, maana Bweni nzima hunusa moshi wa jirani.

“Shikamoo, mama. Nipe radhi yako,” Matano alisema kila alipoamka.

“Marahaba,” alijibu mama. Hilo la pili hakulijibu.

Na lilikuwepo jingine. Waashi wetu walikuwa na ada kwamba mwanafunzi hatoki kwenda kujifunza kwingine mpaka ajenge tao lake mwenyewe. Siku ya kung'oa miti iliyolishikilia, hukaa chini yake kwenye mkeka, mafundi wakivuta mti mmoja mmoja. Tao likisimama, amefuzu. Lisiposimama, huitwa waosha maiti.

Matano alijenga tao lake mlangoni pa birika la msikiti. Mvua zikamwandama, chokaa ikakataa kukauka, na juu ya hayo Azizi akaleta habari kwamba chombo kitaondoka mapema kuliko walivyoagana. Asubuhi ya kung'oa miti, kabla watu hawajafika, Matano alipanda akabonyeza chokaa kando ya jiwe la katikati. Kidole gumba kikazama. Haya alinisimulia mwenyewe baadaye. Akaisawazisha ile alama isionekane, akashuka, akatandika mkeka. Alijiambia kuwa kichwa ni chake, na chake peke yake.

Watu wakajaa. Azizi alikuja na fimbo yake ya fedha, mafundi wakashika kamba.

“Uko tayari?” Fundi Ussi akauliza.

“Tayari, fundi.”

Ndipo Bi Kidawa alipopita katikati ya wanaume, kanga ameikaza kiunoni, akaingia chini ya tao na kuketi kwenye mkeka ubavuni mwa mwanawe.

“Bi Kidawa, toka,” Fundi Ussi alisema. “Hapa si mahali pako.”

“Shaabani alikufa mie niko nyumbani namenya muhogo,” akajibu. “Leo sitaki kuletewa habari. Vuteni.”

Matano alimsihi, akamshika mkono amwinue. Mama hakuinuka. Fundi Ussi akatutazama, tukatazamana, kisha akaamuru mti wa kwanza uvutwe. Ukatoka. Chembe za chokaa zikadondoka begani kwa Bi Kidawa, na yeye hata hakuzipangusa. Mafundi wakaifunga kamba kwenye mti wa pili, wakakaza.

“Shikeni!” Matano akapiga kelele. “Msivute! Rudisheni ule mti! Chokaa bado mbichi!”

Waliurudisha, kisha mama na mwana wakatoka. Nyuma yangu mtu alicheka. Fundi Ussi aliinamisha kichwa.

“Sipeleki Lamu mtu asiyejua chokaa mbichi na kavu,” alisema Azizi, akageuka akaenda zake.

Bi Kidawa hakumtazama. Alimtazama mwanawe.

“Umejua tangu lini?”

“Tangu asubuhi, mama.”

“Na ungekaa pale?”

Mama alimchapa kofi hata mie shavu langu likauma. Halafu akamkumbatia akalia kwa sauti, yeye ambaye hata msibani hatukumwona akilia hivyo.

“Baba yako aliona haya kusema neno hilo,” alisema. “Wewe umelisema mbele za watu. Radhi nimekupa, mwanangu, ya dunia na akhera. Nenda Lamu, nenda popote.”

Jahazi liliondoka bila Matano. Siku hiyo hiyo moshi ukapanda jikoni kwa Bi Kidawa, anakaanga samaki wa safari isiyo na chombo. Tulikwenda kumtazama, wanawake watatu wanne, na Zubeda, mke wa muadhini, ambaye ulimi wake haukujua kulala, akamchokoza.

“Mwenzangu, radhi imekuja, chombo kimekwenda!”

Bi Kidawa akamgeuza samaki upande wa pili.

“Chombo kitarudi,” akasema. “Asiyerudi ni Shaabani, mpaka leo namngoja.”