Ukumbi mzima uliangalia mpira, yeye aliangalia pete

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mwanamke wa miaka hamsini na mitatu anafungua mlango wa pembeni wa ukumbi wa michezo, anavua viatu, anaviacha kizingitini na kuingia na soksi. Sakafu ni ya mbao. Anasukuma fagio pana la kitambaa kutoka mstari wa huku hadi mstari wa kule, anageuka, anarudi. Ndege waliolala kwenye vyuma vya paa wanahamia upande ambao hajafika.

Akimaliza anakaa kwenye meza ndefu iliyo kando ya uwanja. Anachomeka waya, anabonyeza kitufe cha kijisanduku kilicho mbele yake. Juu ya ubao wa kikapu zinawaka namba nyekundu: ishirini na nne. Zinaanza kushuka. Hakuna mchezaji wala mpira. Anaziacha hadi zinafika sifuri, king'ora kinalia katika ukumbi mtupu, naye anaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa salamu.

"Siku hizi huyu ndiye anayeniamkia," anasema.

Ni mtunza ukumbi kwa kuajiriwa. Mechi zinapokuwepo, ndiye anayeendesha saa ya mashambulizi. Timu yenye mpira hupewa sekunde ishirini na nne iwe imerusha. Mrusho ukigusa pete ya kikapu na timu hiyohiyo ikaudaka tena mpira, huongezewa muda. Usipogusa, saa inaendelea kushuka kana kwamba hakuna kilichotokea. Wa kwanza kuamua kama umegusa au haukugusa ni kidole chake.

Wachezaji walimpa jina la Mama Sekunde, na alilipenda. Tangu mwezi uliopita mtaani wamembandika jingine: Mama Haukugusa.

Mwezi uliopita ukumbi huu ulipokea mashindano ya kufuzu ya timu za taifa za wanawake. Zilikuja timu tatu za nje, ya nne ikawa ya nyumbani, na tiketi ya kwenda fainali za bara ilikuwa moja tu. Hadi siku ya mwisho, timu ya nyumbani na mojawapo ya timu ngeni zilikuwa hazijapoteza mechi. Zikakutana. Watu walijaa hadi kwenye ngazi.

Zilipobaki kama nusu dakika, timu ya nyumbani ilikuwa nyuma kwa pointi moja, na mpira ulikuwa wao. Nahodha alirusha kutoka pembeni. Mpira uligusa pete, au ulipita tu karibu nayo, ukaangukia mikononi mwa mwenzake. Wasichana wakatulia, wakaupitisha nje taratibu, wakiamini wameongezewa muda. King'ora kikalia. Mpira ulitoka mkononi baada ya mlio, ukaingia.

Kwa muda mfupi sana nchi ilikuwa imefuzu. Watu walikumbatiana na wasiowajua. Halafu refa akapunga mikono: kikapu hakihesabiwi, muda wa shambulizi umeisha. Akaja mezani, akauliza swali moja. Mtunza ukumbi akajibu neno moja.

"Haukugusa."

Kamera ya upande ule ilikuwa imezibwa na mgongo wa mchezaji. Marefa walishauriana wakasimama na jibu la meza. Wageni walichukua mpira, wakaulinda hadi mwisho, wakaondoka na tiketi.

Iko video ya simu iliyopigwa jukwaani, na kila aliyeitazama ameona anachotaka kuona. Mwandishi wa habari hii ameitazama mara nyingi na hawezi kusema. Mama Sekunde hajaitazama hata mara moja.

"Niitazame ya nini? Mimi nilikuwepo," anasema. "Wenzangu wote wanaangalia mpira. Mimi mpira nauacha ukishamtoka mchezaji mkononi. Macho yanatangulia kwenye pete, yanausubiri huko. Ile pete haikutikisika."

Sokoni, muuza nyanya alimwona akisita kuchagua, akamwambia mbele za watu achague tu bila wasiwasi, kwa kuwa hata akigusa watasema hakugusa. Watu walicheka, naye alicheka, akalipa. Siku hizi ananunua nyanya kwenye duka la mbali. Jirani aliyekuwa akimwomba chumvi dirishani anaomba kwingine. Hakuna aliyemtukana. Ni ile hali ya kufika mahali na mazungumzo yakabadilika.

Lakini hayo, anasema, yangepita kama mvua. Lililomkaa rohoni lina jina: wifi.

Kocha msaidizi wa timu ya nyumbani ni dada wa marehemu mumewe. Kabla ya kuwa mawifi walikuwa wachezaji wenza, mmoja beki na mwingine mfungaji, katika timu ya kiwanda kimoja ambacho kilishafungwa. Mfungaji ndiye aliyemkutanisha beki na kaka yake.

"Kwenye uwanja alinipa pasi mbaya nyingi," anasema Mama Sekunde. "Kwenye maisha akanipa kaka mmoja mzuri. Nikamsamehe zile pasi."

Goti lilimtoa mchezoni mapema. Akaajiriwa kutunza ukumbi, na huko akajifunza saa mwenyewe, kwa kukaa nyuma ya meza na kusoma kijitabu cha kanuni hadi kikachanika. Mshahara wa ukumbi huisha kabla mwezi haujafika nusu ya pili. Posho ya mechi hujaza mtungi wa gesi. Mumewe alifariki miaka sita iliyopita, na mtoto wao wa pekee anafanya kazi mbali.

Baada ya msiba, wengi walitabiri kwamba wifi naye atajiondoa taratibu, maana aliyewaunganisha hayupo. Haikuwa hivyo. Kila jioni alipiga simu kuuliza wifi amepika nini, kisha akakisema kibaya chakula ambacho hajakionja. Alikuwa na utani wake wa siku zote: kwamba pete ya kaka yake wifi ameifungia kabatini, lakini ya kikapu haibandui macho. Kaka yangu angeangaliwa hivyo, alisema, angekuwa hai mpaka leo.

Undugu wao haukuwa siri. Kabla ya mashindano shirikisho liliwaeleza wageni, nao hawakupinga. Kiongozi mmoja alisema kwamba wakianza kutafuta mtu asiye na ndugu kwenye timu, meza itabaki na viti vitupu.

Tangu siku ya mechi simu ya jioni haijalia.

Kinachoumiza zaidi ni kwamba wanaonana. Timu inafanya mazoezi hapahapa, mara tatu kwa wiki. Kocha msaidizi anakuja, anasalimia kwa jumla, salamu ambayo haimlengi mtu. Akihitaji taa za nyuma ziwashwe, anamtuma mchezaji. Akihitaji saa, anamtuma mchezaji. "Mwambieni mwenye saa," husema, na mwenye saa yuko hatua chache tu, anasikia.

"Ninawasha," anasema Mama Sekunde. "Nitafanyaje? Saa haina ugomvi na mtu."

Adhuhuri anakula peke yake kwenye benchi la wachezaji wa akiba. Redio ndogo imewekwa kando yake kwenye nafasi ambayo mtu angekaa. Zamani alikuwa akimwachia wifi nusu ya chakula kwenye kontena. Wiki ya kwanza baada ya mechi aliendelea kuiacha, na jioni akarudi nayo nyumbani.

Kocha msaidizi alikubali kuzungumza baada ya kuombwa mara mbili. Alizungumza amesimama, filimbi ikiwa bado shingoni.

Alisema video ameitazama hadi simu ikapata moto. Siku nyingine mpira unagusa, siku nyingine haugusi. Ameacha kuitazama. Wifi yake akisema haukugusa, basi haukugusa, na yeyote anayesema mwanamke yule alinunuliwa aje alisemee mbele yake.

Sasa kisa cha kununa ni nini? Alizungusha filimbi kwenye kamba yake.

"Nilikimbilia pale mezani," alisema. "Nikamwita, wifi, wifi, umegusa ule. Niko mbele yake hapa. Akajibu refa. Mimi hakunitazama. Hata jicho. Tumezika pamoja, tumelala mkeka mmoja siku arobaini, halafu ananipita kama mtu wa kuokota mipira. Kushindwa nimeshazoea. Lile sijalizoea."

Kanuni, ni kweli, inamtaka mtu wa meza azungumze na refa, si na benchi. Kocha msaidizi anaijua kanuni hiyo. Alisema anaijua. Akaongeza kwamba kanuni haijakataza kutazama.

Shirikisho limemwandikia Mama Sekunde kumtaka kwenye saa katika mashindano ya nafasi ya pili, yatakayofanyika hapahapa baada ya miezi miwili. Timu ya nyumbani itacheza tena. Wapo waliopinga jina lake, wengi walilitetea. Yeye mwenyewe hajajibu. Amesema hawezi kukaa kwenye kile kiti kwa siku nyingine kama ile kabla hajazungumza na mtu mmoja.

Mara mbili amefika hadi getini kwa wifi yake. Mara ya kwanza alisikia vicheko ndani, akaona asiwakatishe. Mara ya pili kulikuwa kimya, na kimya nacho kikamrudisha.

Alipoulizwa atamwambia nini akifunguliwa, alidhaniwa angeanza na pete. Hakuigusia. Hakuwa amesimuliwa alichosema wifi yake, lakini alikwenda palepale.

"Nitamwambia nilimsikia," alisema. "Aliniita mara mbili, nikasikia zote mbili. Sauti yake naijua hata ndani ya kelele za harusi. Sikumtazama."

Alichomoa waya wa saa, akauviringisha polepole kwenye kiganja.

"Ningemtazama, ningesema umegusa."

Baada ya hapo aliomba jambo moja. Jumamosi asubuhi timu ina mazoezi, na kocha msaidizi ndiye hufika wa kwanza, kabla wasichana hawajaingia. Siku hiyo hatasubiri kutumiwa mchezaji. Atatoka nyuma ya meza, amfuate mwenyewe katikati ya uwanja. Kwa hiyo maneno yake yasitoke gazetini kabla ya hapo.

"Yeye gazeti husoma, tena huanzia nyuma, kwenye michezo," alisema. "Sitaki alisome kabla hajalisikia kinywani mwangu."

Gazeti lilikubali kusubiri. Leo ni Jumapili.