Mama Alipotazama Chini ya Maji

Kila nikipita kwa fundi baiskeli hapa Kibaoni, harufu ya mpira mpya hunikumbusha miwani ya kuzamia, na kile kisiwa baba alichotupeleka sikukuu moja, enzi zile akifanya kazi kwenye mashamba ya miwa Kidatu.

Sisi watoto tulishinda baharini, nyuso ndani ya maji, tukipumua kwa mrija na kuwashangaa samaki. Mama hakutazama hata mara moja. Alisimama maji yakimfika magotini, akiyapiga kwa fimbo, kama alivyozoea kutulinda na mamba tulipochota maji mtoni kwetu.

"Mama, huku hakuna mamba," nahodha wa mashua alimwambia akicheka.

"Umewauliza?"

Jua likaanza kushuka, na safari ya kurudi ikakaribia. Nilimsihi mama hadi machozi yakanitoka, maana sikutaka aondoke bila kuona. Hatimaye akamkabidhi baba fimbo. "Piga maji, baba watoto, usizubae." Akafanya ishara ya msalaba, akavaa miwani, akainamisha uso.

Alikaa hivyo muda mrefu. Kisha mrija ukaanza kutoa sauti nzito kama ya kiboko. Tulidhani amepaliwa, tukamkimbilia. Kumbe alikuwa anaimba wimbo wa shukrani wa kanisani.

Nahodha akaita kwamba tunaondoka. Mama aliinua uso, maji yakimtiririka mashavuni.

"Ngoja kidogo, mwanangu," akamwambia. "Mungu bado ananionyesha."

Akarudisha uso majini.