Mfugaji wa Runzewe anayelionea haya umbo aliloliuza

Saa moja kasoro asubuhi, Adam Bujiku anapitisha kitenge chini ya tumbo la mbwa wake, anashika ncha zote mbili na kunyanyua. Miguu ya mbele inatembea. Ya nyuma inafuata ikiburuza kucha kwenye changarawe hadi kona ya ua, ambako mbwa anajisaidia huku Bujiku akitazama pembeni.

Nje ya ua, waendesha bodaboda wa Runzewe, mkoani Geita, wanaangua kicheko. "Mwangaluka, mama mlezi!" anapaza sauti mmoja wao. Bujiku, mwenye umri wa miaka 41, anaitikia salamu hiyo ya Kisukuma bila kuinua uso.

"Wakinicheka ni nafuu," anasema. "Wakinisifu ndiyo natamani ardhi inimeze."

Bahati mbaya, mwandishi wa makala haya alikuwa ameshamsifu. Alipofika alimkuta Kamanda, ndilo jina la mbwa huyo, ameketi karibu na geti: kifua mbele, masikio juu, mgongo umeteremka kutoka mabegani hadi mkiani. Alisema kwa sauti kwamba hajapata kuona mbwa mzuri kama yule.

"Subiri asimame," Bujiku alijibu.

Bujiku alianza kufuga mbwa wa asili ya Kijerumani miaka tisa iliyopita, alipokuwa mlinzi wa ghala la mfanyabiashara mmoja. Dhahabu ilikuwa inatoka, nyumba zinajengwa, na kila mwenye geti jipya alitaka mbwa wa kuwekwa nyuma yake. Kitoto kimoja alikiuza Sh300,000.

Wanunuzi hawakuuliza ukali wala afya. Walitaka mgongo uteremke na kiuno kikae chini, mbwa aonekane kama anataka kuruka. Walichagua kwa picha ya simu. Naye katika kila uzao alibakiza yule aliyekaa chini zaidi, akamzalisha. Alipokosa dume lenye umbo hilo, alimpandisha baba kwa binti yake.

"Na mimi ni mtoto wa wafuga ng'ombe," anasema.

Kwao ni Samuye, Shinyanga Vijijini. Huko, marehemu baba yake hakuchagua dume likiwa limesimama. Alikaa juu ya lambo, akayatazama madume machanga yakipanda mteremko baada ya kunywa maji. Lililoburuza kwato za nyuma lilihasiwa, hata lingekuwa na nundu ya kupendeza namna gani. Na dume halikuachwa zizini lipande mabinti zake. Lilibadilishwa na la jirani.

Mama yake, Zipora, alipokuja Runzewe na kumwona Kamanda, aliuliza swali moja tu.

"Mwanangu, wazazi wa huyu uliwatazama wakipanda kutoka lambo?"

Bujiku anasema siku hiyo hakula.

Daktari wa mifugo aliyempima Kamanda anaeleza kwamba kichwa cha mfupa wa paja hakikai sawasawa kwenye kikombe cha nyonga. Kinacheza, kinasagika, na mbwa anaumia kila anapoinuka. Pingili za chini za uti wa mgongo nazo zinabana mishipa ya fahamu. Anasema si kila mbwa mwenye mgongo wa kuteremka huugua, lakini nyonga mbovu hurithiwa, na wazazi wanaweza kuonekana wazima huku wakiipitisha kwa watoto.

Kamanda hakulelewa hapa. Bujiku alimuuza akiwa mdogo kwa Scolastika, mama mwenye duka jirani na mgodi wa Bulyanhulu. Alipotimiza mwaka, mbwa alishindwa kupanda ngazi moja ya mlango wa duka.

"Nilimpiga," Scolastika anasema kwa simu. "Nilijua ni mvivu. Kumbe namchapa mgonjwa. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti."

Alimleta Runzewe kwa bajaji, amemfunika kitenge chake mwenyewe. Hakudai hela. Alitaka tu Bujiku amwone. Bujiku alimpokea mbwa, na yule mama akaondoka.

Tangu hapo amelihasi dume lake na hajauza tena. Amerudi kwenye ulinzi, kwa mshahara wa Sh150,000 kwa mwezi.

Wateja bado wanakuja. Tukiwa tunazungumza anaingia mnunuzi wa dhahabu akionyesha picha ya kitoto cha mbwa kwenye simu. "Kaka, nataka kama hiki, kinachokaa chini huku nyuma."

Bujiku anainuka. Anachukua kitenge, anamnyanyua Kamanda na kumtembeza mbele yake, kwenda na kurudi. Mbwa anahema kwa maumivu.

"Pole," anasema mgeni, akiweka simu mfukoni. "Basi ngoja nijaribu kwa Magesa, Masumbwe. Nasikia anavyo."

Geti linafungwa. Bujiku anaketi chini.

Magesa ni kijana aliyejifunza kazi hii hapahapa uani. Dume analozalishia ni ndugu wa Kamanda, tumbo moja. Ni Bujiku aliyemuuzia, na ni yeye aliyemwonyesha jinsi ya kumteua aliyekaa chini kuliko wenzake. Amempigia simu aache. Magesa alimjibu kwamba mzee ameshiba, sasa anawaonea wivu wenye njaa.

"Ana haki ya kusema hivyo," anasema Bujiku. "Nilimwambia dume lina kasoro. Sikumwambia kwamba nilimfundisha vibaya. Niliona aibu."

Jumapili anapanga kwenda Masumbwe mwenyewe, amwombe Magesa alihasi dume lile, gharama za daktari juu yake. Akifanikiwa, atapitiliza hadi Bulyanhulu kumwomba Scolastika msamaha, neno ambalo hajawahi kulitamka mbele yake.

"Yule mama hupiga simu kila Ijumaa," anasema. "Anauliza Kamanda kaamkaje, kala nini. Mimi hajawahi kunilaumu hata siku moja. Bora angenitukana."