Saa Mbili ya Bi Taratibu

Ofisini walimwita Bi Taratibu, na jina lilimkaa. Kazi yake ilikuwa kujaribu programu kabla watu hawajakabidhiwa, na wiki ile alikuwa na moja iliyomkosesha raha: ya kupanga miadi ya zahanati. Toleo lake la kwanza liliganda saa sita mchana, mama yake mzazi akashinda kwenye benchi hadi jioni, miguu imevimba. Aliyelipitisha ni yeye Bi Taratibu, baada ya kulijaribu kwa saa moja tu. Jambo hilo lilimuuma bado.

Safari hii alitaka kuielemeza programu kwa wagonjwa bandia elfu nne, kwa saa saba mfululizo. Meneja alikataa katakata. Saa moja inatosha, alisema, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tatu, kisha ikabidhiwe. Bi Taratibu alibishana weee mpaka chai ikapoa, akashindwa. Akaenda kuiwekea mashine ratiba huku amenuna: mwanzo 2, mwisho 9.

Umeona alichofanya? Mashine huanza kuhesabu saa usiku wa manane, kwa hiyo saa mbili yetu ya asubuhi kwake ni nane. Mwisho aliubadilisha vizuri. Mwanzo akauandika kwa hasira, kama anavyosoma saa ya ukutani kwao. Miaka kumi na moja kazini, halafu kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza.

Asubuhi alikuta skrini nyekundu. Programu ilikwenda vizuri saa ya kwanza, ya pili, hata ya nne. Ya tano ikaanza kuburuta miguu, ya sita ikazimia. Akatazama ratiba, akaiona ile 2 iliyoianzisha kazi saa nane usiku na kumpa saa zilezile saba alizonyimwa, akacheka mpaka akashika meza.

Alimwita meneja, akakiri bila kuzungukazunguka. Meneja, ambaye hucheka mara moja kwa mwaka, aliitumia siku hiyo. Walikuta miadi iliyokwisha haifutwi, inajirundika hadi mashine inaishiwa pumzi. Mafundi walirekebisha kabla ya chakula cha mchana.

"Ijaribiwe tena," meneja alisema. "Ratiba naiweka mwenyewe." Akaandika mwanzo 2, mwisho 9, safari hii makusudi, na asubuhi yake skrini ilikuwa kijani kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Wiki iliyofuata, saa sita mchana, simu ya Bi Taratibu iliita. Alikuwa mama yake, yuko nje ya zahanati.

"Mwanangu, nimeshatoka," alisema. "Hata benchi sikuligusa."