Runinga Thelathini na Moja za Nanjunda

Katika nyumba ya Nanjunda, karani mstaafu wa posta hapa Mysore, kulikuwa na runinga thelathini na moja, na hakuna hata moja iliyoonyesha kitu. Zote ni za nyeusi na nyeupe, zimevikwa kabati la mbao lenye vilango vya kuteleza na tundu la ufunguo, utadhani picha za zamani zilikuwa na tabia ya kutoroka. Alizichukua kwa wajane, akazitoa kwenye stoo za shule, na moja aliitoa kwenye banda la kuku. Jua likiwaka sana, hata mgeni hahitaji kuambiwa ni ipi.

Yeye aliuita ukusanyaji. Mkewe, Kamalamma, aliuita msiba.

Maana Kamalamma alifundisha wasichana kuimba, na sebule ilipojaa masanduku, darasa lilihamia jikoni. Wasichana sita walibanana sakafuni kati ya gunia la mchele na jiwe la kusagia. Wakipandisha sauti, masufuria yanaitikia. Mama wa watu alivumilia miaka mitatu. Wa nne akasema basi.

"Baba Suma, nisikilize vizuri. Vijayadashami ndiyo siku ya heri ya kuanza masomo. Asubuhi ya siku hiyo nataka sebule yangu."

"Na runinga zangu?"

"Nionyeshe moja inayofanya kazi. Moja tu. Jana yake, wageni wakija kutazama wanasesere wetu wa sikukuu ya Dasara, iwashe. Picha itulie tangu mwanzo wa wimbo hadi mwisho. Ikitulia, nitafundisha jikoni mpaka nife. Isipotulia, mtu wa vyuma chakavu anazoa zote."

"Zote?"

"Nimeshamwambia aje na mikokoteni miwili."

Nanjunda akaingia kazini. Alichagua ile yenye kabati zuri kuliko zote, akawa anaitafutia vipuri ndani ya wenzake, kama daktari anayeua wagonjwa thelathini ili apone mmoja. Na kwa kuwa stesheni zilishahama zamani kutoka kwenye mawimbi ya runinga hizo, akaazima deki na kijisanduku cha kurushia picha, akaunga waya nyuma, penye antena. Asubuhi ya siku yenyewe akawasha. Chenga, chenga, halafu, jamani, uso wa mwanamke anayeimba! Umeme ukakatika papo hapo. Lakini alikuwa ameuona, na mpaka mchana alitembea kama aliyeposwa.

Sasa, siku ile ilikuwa Ayudha Puja, ambapo zana za kazi huoshwa, hupakwa rangi nyekundu, hupangwa mbele ya mungu mke na kupumzishwa. Hazishikwi mpaka kesho. Na mlinzi wa sheria hiyo mtaani kwetu alikuwa nani kama si Nanjunda? Mwaka uliopita Puttaraju, msaga kahawa wa nyumba ya pili, alitaka kuwasha pikipiki yake ampeleke mkewe kung'oa jino. Nanjunda alisimama mbele ya gurudumu, mikono ameitanua. "Chombo kimelala, bwana! Unamwamsha nani?" Mke wa Puttaraju akaenda kwa miguu, shavu limeumuka kama andazi.

Basi Nanjunda akazipanga zana zake: bisibisi, koleo, chuma cha kulehemu. Akazivika maua. Umeme uliporudi, wageni walikuwa wameshaketi na dengu zao za nazi mikononi.

"Mzee Nanjunda," Puttaraju akauliza, "na runinga je? Si chombo hiyo? Mbona haijalala?"

"Runinga si chombo cha kazi. Ni mgeni wa nyumba."

"Mgeni anayekaa miaka mitatu!" akadakia Kamalamma, na sebule ikacheka.

Nanjunda alipomaliza kuipaka runinga uji wa msandali mbele, kama apakwavyo mgeni wa heshima, akaona vibaya kuacha mgongo mkavu. Akaigeuza aupake na wenyewe. Tk. Waya wa antena ukakatika palepale ulipolehemiwa.

Mkono wake ukanyooka kuelekea chuma cha kulehemu. Sebule nzima ikaufuata mkono ule kwa macho. Mkono ukarudi.

Akajaribu plasta ya vidonda. Ikateleza kwenye msandali mbichi. Mwisho akachuchumaa nyuma ya kabati, akaubana waya kwa vidole viwili.

"Haya, bonyezeni deki!"

Wimbo ukaanza, na watu wakasema "Aaa!" kwa pamoja.

"Inaonyesha?" Nanjunda akauliza akiwa ameelekea ukutani.

"Inaonyesha! Malkia anacheza kwenye mvua!"

"Imetulia?"

"Kama maji ya mtungi!"

Puttaraju akazunguka nyuma, akainama.

"Mzee, nikushikie? Ukatazame kazi ya mikono yako."

"Shika, ndugu yangu, shika."

"Sema kwanza, wote wasikie, kwamba ulimkosea mke wangu."

Nanjunda akatazama ukuta. Neno lenyewe ni fupi, hata mtoto analiweza.

"Sheria ni sheria," akasema.

"Haya. Endelea kutazama ukuta."

Ukapita ubeti, ukapita wa pili. Vidole vikafa ganzi, magoti yakawaka moto. Mbele watu wanashangilia: "Ona macho yale! Ona anavyogeuka!" Ukabaki ubeti mmoja. Haukufika hata nusu dakika. Lakini kusikia wengine wakisifu kitu chako nako kuna kikomo. Nanjunda akauachia waya, akakimbia mbele kuona.

Akaona chenga.

"Oooh!" wakasema wageni. Wimbo ukamalizika bila malkia. Kamalamma akainuka taratibu, akawaongezea watu dengu.

Asubuhi zana zikaamshwa. Kwa chuma cha kulehemu, kazi ilichukua dakika mbili. Nanjunda akaiweka runinga barazani huku mtu wa vyuma chakavu akipakia nyingine, na picha ikatoka safi hadi matone ya mvua yakahesabika. Kamalamma akatoka, akasimama mlangoni akatazama, mikono kiunoni.

"Nzuri," akasema. Akamgeukia mtu wa mkokoteni. "Hiyo mwachie. Ila ndani haiingii."

Kisha akaingia sebuleni, akafunga mlango, na wasichana sita wakaanza kupanda ngazi ya sauti bila sufuria hata moja kuitikia. Mkokoteni wa kwanza ukaondoka. Wa pili ukaondoka, umeelemewa. Nanjunda hakugeuza shingo. Alikuwa ameufikia ubeti wa mwisho.